Vocha ya Mama

Desemba 2009 mama yangu aliuza mbolea ambayo hakuwahi kuiona.

Ilikuwa hivi. Kijijini kwetu, mwendo mfupi kutoka Laela kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, jina lake lilisomwa katika orodha ya watakaopata vocha za pembejeo. Alipewa tatu: ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia, na ya mbegu bora ya mahindi, zote za kutosha ekari moja. Vocha haikuwa hela. Ilikuwa karatasi inayosema kwamba serikali italipa nusu ya bei, na nusu nyingine utaitoa mwenyewe. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama hakuwa na hiyo nusu nyingine.

Wakala alimpa njia ya mkato. "Mama, weka saini hapa kwamba mzigo umeuchukua, mimi nakupa elfu ishirini mkononi." Akaweka saini mara tatu. Wakala akazipeleka vocha benki, akalipwa sehemu ya serikali kwa mifuko ambayo haikutoka dukani kwake. Januari 2010 niliingia kidato cha kwanza katika shule ya kutwa ya serikali. Ada ya mwaka ilikuwa shilingi 20,000.

Msimu ule mahindi yetu yalikuwa ya njano kuanzia goti kwenda chini. Tulivuna magunia manne. Kwenye vitabu vya kijiji mama aliandikwa mnufaika.

Kwa miaka mingi niliihesabu ile elfu ishirini kuwa hela ya bure. Sikuwa peke yangu katika kufikiri hivyo. Nilipofika chuo kikuu tulikuwa tukisubiri bumu kama watu wanaosubiri mvua, na lilipoingia tulikula chipsi kuku kana kwamba Bodi ya Mikopo ni mjomba wa kila mtu. Leo asilimia 15 ya mshahara wangu inakatwa kila mwezi kabla sijauona. Kila nikiitazama hati ya mshahara namkumbuka mama na zile saini tatu, na nimekuwa nikijiuliza swali ambalo ningetaka tulifikirie pamoja: serikali inapompa mtu kitu, nani hasa anatoa?

Swali hili si la Ufipa peke yake. Tarehe 13 Februari 2008 Rais George W. Bush wa Marekani alitia saini sheria ya kuwarudishia wananchi wake sehemu ya kodi. Uchumi ulikuwa unayumba, na serikali ilitaka watu waende madukani. Hundi zikaanza kutumwa majumbani, hadi dola 600 kwa mtu mzima na 1,200 kwa mume na mke, pamoja na nyongeza kwa wenye watoto. Siku nne baadaye, tarehe 17, Bush huyohuyo alikuwa Dar es Salaam, akisaini na Rais Jakaya Kikwete mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kupitia mfuko wa Changamoto za Milenia. Ndani ya mkataba huo kulikuwa na lami ya barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, ambayo inapita Laela.

Kwa hiyo, wiki moja ileile, serikali moja iliwaahidi watu wake hundi na ikatuahidi sisi barabara. Nchini kwake hazina ilikuwa na nakisi, maana yake hundi zile zilitoka kwenye deni. Mwingereza David Ricardo aliandika juu ya jambo la namna hii mwanzoni mwa karne ya 19: serikali ikikopa leo badala ya kutoza, kodi haijafutwa, imesogezwa mbele tu, na raia mwenye hesabu angeiweka pembeni ile hela akingoja siku ya kulipa. Lakini Ricardo mwenyewe hakuamini kwamba watu hupiga hesabu hiyo kweli. Anayepewa huona kilichopo mkononi.

Kwetu hesabu hiyo tumeifundishwa kwa kuanzia upande wa pili, upande wa kutoa.

Serikali ya kwanza ya kigeni ambayo Wafipa waliijua kwa karibu ilikuwa na kituo chake Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Wajerumani walipaita Bismarckburg. Amri ya kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ilitolewa mwaka 1897, na rupia zilitakiwa kutoka kwenye nyumba za watu waliolima ulezi na maharage, wenye ng'ombe, na mafundi waliokuwa wakiyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo ambayo mabaki yake bado yapo uwandani. Rupia haikuota Ufipa. Ilikuwa pwani, kwenye mashamba. Waingereza walipochukua nchi walibadilisha sarafu na kuendeleza kodi, ya nyumba na ya kichwa. Matokeo hayakubadilika: kijana wa Kifipa alipaswa kuondoka.

Babu yangu, baba yake baba, alikwenda Tanga miaka ya 1950 kukata mkonge. Alikuwa manamba, mtu mwenye namba. Alipokuwa akitusimulia hakuongelea sana miiba wala jua. Aliongelea karatasi. Aliyelipa kodi alipewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo ilitembea na mtu kama shati lake, kwa sababu ukikutwa huna ulikuwa huna maelezo. "Nilitembea mpaka Tanga," alikuwa akisema, "kwenda kununua kikaratasi."

Nalisema hili kwa sababu linaeleza jinsi kilichofuata kilivyopokelewa. Mtu ambaye kwa miaka sabini anaijua serikali kama mkono unaochukua, siku mkono huo ukija umeshika kitu, hawezi kuanza kwa kuuliza bei yake.

Mkono ulikuja umeshika kitu katikati ya miaka ya 1970. Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974, wakati watu wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na ni miaka hiyohiyo serikali ilipoanza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Gunia la Sumbawanga lilipata bei ileile na gunia la Morogoro, ingawa la Sumbawanga lilikuwa na safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kufika Dar es Salaam. Nauli ya safari hiyo ilibebwa na Shirika la Taifa la Usagishaji, ambalo wazee wetu waliliita NMC. Juu ya hapo mbolea ilikuwa na ruzuku. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1972, na nyingine nyingi ililetwa kama msaada wa nchi wahisani.

Usiidharau zawadi hiyo. Kabla yake, bidhaa kubwa ambayo Ufipa iliipeleka pwani ilikuwa vijana. Baada yake ilikuwa mahindi. Rukwa ikaingia kwenye ile mikoa minne, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, iliyotajwa kila ilipotajwa ghala la chakula la taifa. Babu alijenga nyumba ya bati. Baba yangu hakwenda Tanga. Mimi, ukinifuatilia nyuma, ni mtoto wa nauli iliyolipwa na mtu mwingine.

Mtu mwingine huyo ni nani? NMC ilinunua kwa hasara na kufidia hasara kwa kukopa Benki ya Taifa ya Biashara, mpaka deni likawa mzigo wa taifa zima. Deni la namna ile hulipwa na kila mwenye shilingi mfukoni, kwa shilingi hiyo kupungua nguvu. Alilipa pia mkulima wa kahawa na wa pamba, ambaye bodi za mazao zilimpa sehemu ndogo tu ya bei ya soko la dunia, tofauti ikienda serikalini na kwenye mashirika. Mtu wa Kagera au wa Shinyanga aliisukuma lori ya mahindi ya Laela bila kujua.

Nasi tulilipa, kwa njia zetu. Bei ilipangwa na serikali, na mnunuzi halali alikuwa mmoja. Ukimuuzia mwingine uliitwa mlanguzi. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, kwa hiyo hakukuwa na chombo cha wakulima cha kubishana na mnunuzi huyo. Babu alikumbuka misimu ambayo mahindi yalichukuliwa na malipo yakaja baada ya msimu mwingine kuanza. Alikabidhiwa stakabadhi. Safari hii karatasi ilikuwa ikimdai serikali, lakini nayo ilikaa kwenye bati lilelile la biskuti ilimokaa ile ya kodi.

Kuna malipo mengine ambayo hayaandikwi kwenye stakabadhi. Wafipa walikuwa na ntumba. Mwishoni mwa mvua unapindua nyasi na udongo kuwa vichuguu vya duara, shamba zima linaonekana kama limejaa migongo ya kobe, nyasi zinaoza ndani, na msimu unaofuata unatawanya rutuba hiyo. Ni kazi ngumu, lakini mbolea yake inatengenezwa palepale, haipandi meli. Mfuko wa ruzuku ulipokuja kwa bei ya chini, mikono mingi iliacha vichuguu. Ilikuwa na haki kuacha, kwa kuwa mgongo nao una gharama. Ila ikawa kwamba rutuba ya shamba imehamia kwenye bajeti ya Wizara ya Fedha.

Kisha bajeti ikabadilika. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bei moja nchi nzima ikaondoka mwishoni mwa muongo huo, na ruzuku ya mbolea ikapunguzwa mwaka baada ya mwaka hadi kuisha katikati ya miaka ya 1990. Mfanyabiashara binafsi akaja, akapiga hesabu ya umbali, akaukata umbali huo kwenye bei ya gunia letu. Kilomita elfu moja ambazo tulikuwa tumesahau kama zipo zikarudi zote kwa mara moja. Wapo waliojaribu kurudi kwenye ntumba. Wengine walikuwa wameshasahau mkono unavyokwenda.

Kumbukumbu yangu ya kwanza ya serikali inatoka kipindi hicho. Niko na miaka sita hivi, alfajiri, na baba anaruka dirisha. Mgambo wamekuja kukagua kodi ya maendeleo, ambayo wazee waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Baba alilala kwenye mahindi hadi saa nne asubuhi, na mimi nilidhani ni mchezo. Mwaka 2003 kodi hiyo ilifutwa. Kijijini watu walicheka kwa sauti kama baada ya msiba mrefu. Halmashauri, ambazo ndizo zilikuwa zikiishi kwa kodi ile, zikaanza kufidiwa na Hazina kwa ruzuku.

Hapa ndipo karibu zaidi tulipofika na zile hundi za Bush: serikali kumwambia mtu, hii tuliyokuwa tukikuchukulia, kaa nayo. Baba alikaa nayo. Lakini ushuru wa mazao haukufutwa. Uliendelea kutozwa kwa kiwango kinachofika asilimia 5 hadi mwaka 2017, uliposhushwa kuwa asilimia 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa ya biashara. Kodi ilishuka kichwani, ikapanda juu ya gunia. Nakiri kwamba huo ni uhamisho wa haki zaidi. Gunia likikaguliwa kizuizini, hakuna mtoto anayemwona baba yake akiruka dirisha.

Ndipo tunafika kwenye vocha. Mwaka 2007 na 2008 bei ya mbolea duniani ilipanda vibaya, pamoja na ile ya chakula. Serikali ikaanzisha mpango wa taifa wa vocha za pembejeo, ulioendeshwa kuanzia msimu wa 2008/09 hadi 2013/14, ukilenga kaya milioni 2.5. Ndani yake kulikuwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 160, mkopo wa masharti nafuu unaolipwa kwa miongo. Kila kijiji kilitakiwa kuwa na kamati ya watu sita, wanaume watatu na wanawake watatu, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilipewa kipaumbele. Hivyo ndivyo jina la mama lilivyoingia.

Kwenye karatasi mpango ulikuwa wa busara. Usimpe mtu bure, mwache achangie nusu, ili apewe yule atakayeitumia. Lakini nusu ya bei ni kizingiti, na anayekiruka ni yule mwenye hela tayari. Lei Pan na Luc Christiaensen, waliochunguza ugawaji wa vocha mkoani Kilimanjaro, walikuta kwamba takriban asilimia 60 zilikwenda kwa kaya za viongozi wa vijiji. Na yule maskini aliyepata vocha bila hela ya kuchangia alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, nacho ni saini yake.

Sasa tufanye hesabu ya saini za mama. Serikali ilitoa sehemu yake kamili, sehemu ikiwa imekopwa. Wakala alipokea yote, akatoa elfu ishirini. Mama alipata elfu ishirini, akapoteza mavuno ambayo mbolea ingempa. Mimi nilipata ada. Mlipakodi wa miaka ijayo, ambaye ni pamoja na mimi, alipata deni la mfuko wa mbolea usiokuwepo. Kwa hiyo sehemu ya ada yangu ya kidato cha kwanza niliikopa Washington bila kujua, na dhamana ilikuwa shamba la mama. Mwaka 2016 ada hiyo ilifutwa nchi nzima, na wadogo zangu wakasoma bila saini ya mtu.

Ningeweza kuishia hapo, niseme bure haipo, kila mtu alipe chake. Lakini hesabu ina mstari mmoja zaidi. Wale waliochangia nusu yao na kutia mbolea shambani walivuna vizuri. Wakawa na ziada, na ziada ya Ufipa hutazama kusini na magharibi: Zambia kupitia Kasesya na Tunduma, na Kongo ng'ambo ya ziwa. Mara kadhaa serikali imeifunga njia hiyo. Juni 2017 ilipiga tena marufuku kusafirisha mahindi nje, ili nchi isikose chakula. Bei uwandani ikaanguka. Waliokuwa na magunia mia waliyatazama yakiliwa na dumuzi. Mtu wa mjini alinunua unga kwa bei nafuu msimu ule, na nafuu yake ilikatwa kwenye gunia la Laela. Hakuna aliyeiita kodi, kwa sababu haikuwa na stakabadhi.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza kama hela ya serikali ni ya bure. Si ya bure, haijawahi kuwa. Tulipokea nauli ya mkulima wa kahawa, na wa mjini akapokea bei yetu. Mmarekani aliyepata hundi ya dola 600 alitulipia lami pia, na lami hiyo imefupisha zile kilomita kuliko hotuba yoyote. Hakuna aibu katika kupokea kilichotolewa na wengine. Nchi ni hiyo. Kinachonisumbua ni kwamba anayetoa na anayepokea hawakuonyeshwa kitabu. Babu hakujua nani anamlipia nauli, wala mtu wa Kagera hakujua anamlipia nani. Ruzuku ilitangazwa kwa ngoma, gharama ikaja usiku bila jina. Na siku ilipoondolewa, hakuna aliyeweza kuitetea, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika ni haki yake au ni fadhila.

Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye Nanenane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya ya mbolea. Vita ya Ukraine ilikuwa imeipandisha bei, na serikali ilitenga shilingi bilioni 150. Mfuko wa kukuzia uliokuwa unafika zaidi ya shilingi 120,000 ukashuka hadi 70,000. Safari hii hakukuwa na vocha. Mkulima alijiandikisha, akapewa namba. Mama akanipigia simu kunisomea yake, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma Injili. Nilimkumbuka babu na namba yake ya mkonge, nikanyamaza.

"Vijana huku wanasema ni ya bure," akasema.

"Na wewe unasemaje, mama?"

"Bure ni mvua tu. Na mvua ya Ufipa unaijua, inakuja na radi."

Sabini hakuwa nayo. Nilimtumia mimi, kutoka kwenye mshahara uliokwisha kukatwa kodi na ile asilimia 15 ya Bodi. Simu ikanionyesha makato ya kutuma, na chini yake tozo ya serikali, ile iliyoanza mwaka 2021. Nikabonyeza kukubali. Tozo ikaenda Hazina, na Hazina ilikuwa njiani kumlipia mama zile elfu hamsini zilizobaki.

Wiki iliyofuata alinitumia picha aliyopigwa na mtoto wa jirani. Amesimama pembeni ya mfuko wa kukuzia uliofunguliwa, ndoo mkononi, mahindi yakiwa kiunoni nyuma yake. Alikuwa ameuhifadhi mfuko wenyewe baada ya kuumaliza, akaukunja, akauweka ndani. Nilimuuliza wa nini. Akasema wakija tena kumwandika mnufaika, safari hii ana kitu cha kuwaonyesha.